Injini kubwa kwenye pikapu ndogo: Namna ya kutatua tatizo la nafasi

KUTOA injini ndogo ya pikapu na kuweka kubwa zaidi ni jambo lililozoeleka katika gereji nyingi za mijini. Pikapu aina ya Toyota Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli ya lita 2.4 au 2.8 hubeba mzigo bila taabu kwenye tambarare, lakini inapoanza kupanda mlima Kitonga mkoani Iringa ikiwa imejaa, dereva hulazimika kushuka gia hadi ya pili au ya kwanza. Mmiliki anayeishi kwa kazi ya gari hilo huanza kufikiria injini nyingine.

Kwa kuwa injini za mtumba hupatikana kwa wingi, wengi huanza kwa kununua injini na kuipeleka kwa fundi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Injini inashuka kwenye chesisi, lakini sampu inagusa difu, feni inagusa rejeta, au boneti haifungi. Baadhi ya mafundi humaliza tatizo kwa nyundo na gesi ya kukatia chuma, na gari likatoka gereji likiunguruma vizuri. Madhara huonekana baadaye, barabarani, gari likiwa na mzigo na abiria.

Makala haya yanaeleza mahali ambapo injini kubwa hukosa nafasi, namna ya kupima kabla ya kutoa fedha, na njia zinazofaa na zisizofaa za kutatua tatizo hilo. Mfano unaotumika zaidi ni Hilux za mwaka 1988 hadi 1997, ambazo bado zinafanya kazi katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki.

Nafasi ina maana gani

Nafasi inayozungumzwa hapa si ile ya kuifanya injini iingie tu. Ni uwazi unaobaki kati ya injini na kila kitu kinachoizunguka gari linapokuwa kwenye mwendo. Injini hukaa juu ya mauntini za mpira, hivyo huyumba kila dereva anapokanyaga mafuta au kuachia klachi. Ekseli hupanda na kushuka. Chesisi hujipinda kidogo kwenye mashimo. Chuma kinachopishana na kingine kwa unene wa kidole gari likiwa limesimama kinaweza kugongana gari likitembea.

Kwa sababu hiyo, mafundi wenye uzoefu huacha uwazi wa takriban milimita 25 kati ya injini na kitu chochote kinachotembea, na kiasi kama hicho kati ya mapanga ya feni na rejeta. Karibu na bomba la ekzosi uwazi huwa mkubwa zaidi, walau milimita 50 kutoka kwenye mabomba ya breki, mabomba ya mafuta na nyaya, kwa kuwa hapo adui ni joto.

Aidha, kuna nafasi ya matengenezo, ambayo husahaulika mara nyingi. Filta ya oili, stata, kijiti cha kupimia oili na nati ya kumwagia oili lazima vifikiwe kwa mkono na spana. Gari ambalo injini yake hulazimika kuinuliwa ili filta ibadilishwe halitabadilishwa filta kwa wakati.

Injini zinazochaguliwa na vipimo vyake

Hilux nyingi za dizeli za kipindi hicho zilitoka na injini ya 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446 au 3L yenye 2,779. Zote zina silinda nne zilizojipanga mstari mmoja. Wanaotaka nguvu zaidi kwa kawaida hutazama injini nne.

Ya kwanza ni 5L, yenye ujazo wa 2,986. Hii ni ndugu wa 3L. Umbo lake la nje linafanana nayo kwa kiasi kikubwa, hivyo tatizo la nafasi karibu halipo. Nguvu inayoongezeka ni ya wastani, lakini kazi ni nyepesi.

Ya pili ni 1KZ-TE, yenye ujazo wa 2,982, silinda nne na tabo, yaani kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Ilianza kutumika mwaka 1993 na ikapatikana kwenye Hilux Surf na Land Cruiser Prado. Hii ndiyo inayopendwa zaidi, kwani nguvu yake ya kuvuta ni takriban nyutoni-mita 290, wakati 3L haifiki 200.

Ya tatu ni 1HZ ya Land Cruiser, iliyoanza mwaka 1990, yenye ujazo wa 4,164 na silinda sita kwenye mstari mmoja. Sifa yake ni uimara na urahisi wa kutengeneza. Hata hivyo, kwa kuwa haina tabo, nguvu yake ya kuvuta ni takriban nyutoni-mita 285, karibu sawa na 1KZ-TE iliyo fupi zaidi.

Ya nne ni 1UZ-FE ya petroli, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V na ujazo wa 3,969, iliyotoka mwaka 1989 katika magari ya Lexus LS 400 na Toyota Celsior. Hii imewekwa kwenye Hilux na wapenzi wa magari katika nchi mbalimbali, hasa Australia.

Kila moja kati ya injini hizi ina tatizo lake. Injini ya silinda sita mstari mmoja ina tatizo la urefu. Kipenyo cha silinda moja ya 1HZ ni milimita 94, hivyo silinda sita pekee huchukua milimita 564 kabla ya kuhesabu kuta zinazozitenganisha. Silinda nne za 1KZ-TE, zenye kipenyo cha milimita 96, huchukua 384. Tofauti ni milimita 180, na hakuna nyundo inayoweza kuipata nafasi hiyo bila kuharibu kitu kingine. Injini ya umbo la V ni fupi lakini pana, na tatizo lake huwa pembeni, upande wa usukani na ekzosi. Injini ya silinda nne yenye tabo ina urefu wa kuridhisha, lakini hudai nafasi ya tabo, mabomba yake na kupoza hewa.

Mfano kutoka Marekani

Tatizo hili si la Afrika Mashariki pekee. Nchini Marekani, pikapu ndogo ya Chevrolet S-10, iliyoanza na toleo la mwaka 1982, ilipata umaarufu kwa wamiliki kuiwekea injini ya V ya silinda nane ya lita 5.7. Baadaye kiwanda chenyewe kiliiwekea pikapu hiyo injini ya V ya silinda sita ya lita 4.3, ambayo kimsingi ni ile ya silinda nane iliyopunguzwa silinda mbili.

Kutokana na undugu huo, waliobadili injini walikuta kwamba upana haubadiliki sana, ila urefu unaongezeka kwa nafasi ya silinda moja kila upande, yaani takriban milimita 112. Walitatua tatizo kwa kutumia pampu fupi ya maji, kuondoa feni inayozungushwa na injini na kuweka ya umeme, na kusogeza rejeta mbele. Funzo lake ni kwamba anayejua kwa hakika ni upande gani injini imezidi, na kwa milimita ngapi, huwa ameshamaliza nusu ya kazi.

Pima kabla ya kununua

Kabla ya kulipia injini, mmiliki na fundi wake wanapaswa kupima chumba cha injini katika maeneo matano: mbele kuelekea rejeta, nyuma kuelekea ukuta unaotenganisha injini na dereva, chini kuelekea ekseli na chuma cha kukingama, juu kuelekea boneti, na pembeni kuelekea chesisi, usukani na busta ya breki.

Injini nayo ipimwe ikiwa na kila kitu chake. Kosa la kawaida ni kupima bloku tupu. Stata, jenereta, tabo, filta ya oili, pampu ya dizeli, kapi zote na bomba la kuanzia la ekzosi vyote huchukua nafasi, na mara nyingi ndivyo vinavyogusa, si bloku.

Gia boksi pia ipimwe pamoja na injini, kwa sababu ndiyo inayoamua injini itakaa wapi. Ikiwa mmiliki anataka kubaki na gia boksi ya zamani, huenda akahitaji bamba la kuunganisha, na unene wa bamba hilo husukuma injini mbele kwa kiasi hicho hicho. Kununua injini pamoja na gia boksi yake, nyaya zake, kompyuta yake na mauntini zake, kutoka gari moja lililokatwa, huokoa fedha kuliko kutafuta kila kimoja peke yake.

Chini: sampu, difu na ekseli

Eneo hili ndilo lenye hatari kubwa katika pikapu za magurudumu manne. Hilux nyingi za aina hiyo za miaka ya 1988 hadi 1997 zina ekseli nzima ya mbele iliyokaa juu ya springi za majani. Gurudumu linapopanda tuta, ekseli yote pamoja na difu hupanda kuelekea kwenye sampu. Katika magari ambayo kila gurudumu la mbele hujitegemea, difu hufungwa kwenye chesisi na haipandi, hivyo sampu ya injini iliyotoka kwenye gari hilo haikuundwa kwa ajili ya ekseli inayotembea.

Upimaji sahihi si ule wa gari likiwa limesimama. Fundi anapaswa kuondoa baadhi ya majani ya springi au kuinua ekseli kwa jeki hadi iguse raba za kuizuia, kisha apime uwazi uliobaki kwenye sampu. Apime upande wa kulia ukiwa juu na wa kushoto ukiwa chini, halafu kinyume chake, kwa sababu difu haiko katikati na ekseli huinama.

Uwazi usipotosha, suluhisho la kwanza ni kutafuta sampu ya injini ileile kutoka gari jingine. Injini ya 1KZ-TE, kwa mfano, iliwekwa pia kwenye Land Cruiser Prado ya KZJ78, ambayo ina ekseli nzima mbele. Sampu ya gari hilo ndiyo ya kutazamwa kwanza, ingawa ni lazima ijaribiwe kulingana na upande ambao difu ya Hilux husika imekaa. Sampu inapobadilishwa, bomba la kufyonzea oili na kijiti cha kupimia vibadilishwe pamoja nayo.

Suluhisho la pili ni kukata sampu na kuichomelea upya, ikiwa na kina kidogo mbele na kikubwa nyuma. Kazi hii inakubalika ikifanywa na mchomeleaji mzuri, kwa masharti mawili. Kwanza, ujazo wa oili usipungue. Kinachopunguzwa kwenye kina kirudishwe kwenye upana. Pili, mdomo wa bomba la kufyonzea ubaki karibu na sakafu ya sampu, mahali ambapo oili hukusanyika gari linapopanda mlima. Bomba likifyonza hewa kwenye kilima kirefu, beringi za kranki huungua ndani ya dakika chache.

Suluhisho la tatu ni kuongeza urefu wa raba zinazozuia ekseli. Wengi huamini kwamba kuweka springi ndefu kunatosha. Si kweli, kwani gari likijaa mzigo na kuingia shimoni, ekseli itapanda hadi pale raba itakapoizuia, hata springi ziwe ndefu kiasi gani.

Jambo lisilofaa ni kukata chuma cha kukingama kinachounganisha pande mbili za chesisi na kuacha pengo. Kama ni lazima kikatwe, kitengenezwe kingine chenye umbo la kupisha sampu na nguvu isiyopungua ya kwanza, na kifungwe kabla chesisi haijabeba uzito.

Mbele: rejeta na feni

Injini inapokuwa ndefu, rejeta ndiyo huathirika kwanza. Njia rahisi ni kuisogeza mbele kwa kutengeneza vishikio vipya. Nafasi ya kufanya hivyo hutegemea kama gari lina kiyoyozi, kwa kuwa kondensa yake hukaa mbele ya rejeta.

Njia nyingine ni kuondoa feni inayozungushwa na injini na kuweka ya umeme, iliyo nyembamba. Feni ya umeme inaweza kukaa nyuma ya rejeta ikivuta hewa, au mbele yake ikiisukuma. Ikikaa mbele, iwe ile iliyoundwa kwa kusukuma au inayoweza kugeuzwa. Kubadili nyaya pekee hubadili upande wa mzunguko, lakini mapanga yaliyopinda kwa ajili ya kuvuta hayasukumi hewa vizuri.

Jambo ambalo halipaswi kufanywa ni kuweka rejeta ndogo ili nafasi ipatikane. Injini yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi. Hili ni muhimu hasa kwa 1KZ-TE, ambayo silinda hedi yake ni ya aluminiamu na inajulikana na mafundi kwa kupasuka inapochemka. Gharama ya kubadili hedi inaweza kufuta faida yote ya injini mpya. Kava linaloongoza hewa ya feni nalo lisiachwe, kwani bila hilo feni huzungusha hewa iliyo karibu nayo badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima.

Nyuma: ukuta, gia boksi na propela

Wengine huamua kurudisha injini nyuma kwa kugonga ukuta wa mbele ya dereva au handaki la gia boksi. Kubonyeza handaki kidogo kwa nyundo si kosa. Kukata ukuta ni jambo jingine. Ukuta huo hushikilia pedali, busta ya breki na sehemu ya usukani, na huzuia moto na moshi usiingie kwa dereva. Sehemu iliyokatwa ifungwe kwa bati la chuma lenye unene usiopungua wa awali, ichomelewe pande zote bila kuacha tundu, na eneo la busta ya breki lisiguswe kabisa.

Injini na gia boksi vikisogea, mkono wa gia na propela navyo husogea. Propela ya mbele na ya nyuma zipimwe upya, zirefushwe au zifupishwe na mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Aidha, pembe ya gia boksi na pembe ya difu ya nyuma ziwe sambamba. Fundi aliyeinamisha injini ili sampu ipite, bila kurekebisha pembe hizo, atamrudishia mteja gari linalotetemeka na kumaliza krosi za propela mapema.

Pembeni: usukani, ekzosi na breki

Upande wa usukani ndipo injini za V huleta taabu kubwa. Mrija wa ekzosi unaweza kuhitaji nafasi ileile inayopita shafti ya usukani. Kinachofaa ni kubadili umbo la ekzosi. Ikishindikana, shafti ya usukani ipitishwe kwingine kwa kuongeza krosi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na beringi ya kuishikilia katikati. Kukata shafti ya usukani na kuiunga kwa kuchomelea kienyeji ni kuweka maisha ya watu kwenye mstari mmoja wa kuchomelea.

Kwa injini ya 1UZ-FE, stata imefichwa katikati ya V, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kwa upande mmoja hilo ni faida, kwa kuwa haishindanii nafasi na ekzosi pembeni. Kwa upande mwingine, ikiharibika, manifoldi hulazimika kufunguliwa.

Joto la moshi unaoingia kwenye tabo huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi gari linapopanda mlima na mzigo. Bomba la mpira la mafuta au waya ulioegemea hapo utayeyuka, na moto wa gari huanza hivyo. Pale ambapo milimita 50 hazipatikani, liwekwe bati la kukinga joto, lenye uwazi pande zote mbili ili hewa ipite. Mafuta ya breki yaliyochemka ndani ya bomba hufanya pedali ishuke hadi sakafuni.

Kuna jambo moja la breki ambalo huwapita hata mafundi wazuri. Injini nyingi za dizeli za Toyota za rika hilo hubeba pampu ya vakyumu nyuma ya jenereta, na pampu hiyo ndiyo inayoipa busta ya breki nguvu ya kumsaidia dereva. Fundi anayehamisha jenereta au kuweka ndogo isiyo na pampu ili apate nafasi, anaondoa msaada wa breki. Gari litasimama kwa nguvu ya mguu pekee, likiwa na injini yenye kasi zaidi kuliko awali.

Juu: boneti na hewa ya tabo

Uwazi wa juu hupimwa kwa njia rahisi. Vidonge vya udongo wa kufinyangia huwekwa kwenye sehemu za juu kabisa za injini, boneti hufungwa taratibu, kisha hufunguliwa na unene wa udongo uliobanwa hupimwa kwa rula. Sehemu yenye chini ya milimita 20 inahitaji marekebisho, kwa kuwa injini itainuka dereva anapokanyaga mafuta.

Baadhi ya Hilux Surf za miaka ya 1995 hadi 2002 zenye 1KZ-TE zilikuwa na intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, juu ya injini, na boneti yake ilikuwa na tundu la kuingizia hewa. Anayeihamishia injini hiyo kwenye Hilux ya kawaida ana njia mbili: kutoboa boneti na kuweka tundu kama hilo, au kuhamishia intakula mbele ya rejeta kwa mabomba marefu. Kutoboa boneti kusikate mbavu zake za ndani.

Njia nyingine inayotumika ni kuinua bodi kwa kuweka vipande kati yake na chesisi. Njia hii huongeza nafasi ya juu na ya handaki la gia boksi, lakini haisaidii chochote kwenye sampu wala kwenye urefu wa injini. Aidha, bodi inapoinuka, rejeta hupanda nayo na kuiacha feni chini, shafti ya usukani hurefuka, na mabomba ya breki hukazwa. Vyote hivyo hulazimika kurekebishwa.

Hatua za kujaribisha

Kazi nzuri hufuata mpangilio. Kwanza, injini na gia boksi, zikiwa zimefungwa pamoja na zikiwa na vifaa vyote vya nje, hushushwa na kushikiliwa kwa winchi na jeki. Pili, gia boksi huwekwa mahali pake kwanza, kisha injini hupimwa katika maeneo matano yaliyotajwa. Tatu, mauntini hushikizwa kwa nukta chache za kuchomelea, si kwa mstari mzima. Nne, ekseli hupandishwa hadi mwisho, usukani huzungushwa kutoka upande hadi upande, na boneti hufungwa. Tano, injini huinuliwa na kuyumbishwa kwa nguvu kwa ubao. Baada ya kila kitu kupita bila kugusa ndipo injini hutolewa na mauntini kuchomelewa kikamilifu.

Mauntini za mpira zisiondolewe na kuwekwa chuma kitupu ili injini isiyumbe. Mtetemo wa dizeli hupasua chesisi na vishikio.

Uzito, breki na kadi ya gari

Injini ikishakaa vizuri, kazi haijaisha. Injini nzito zaidi hulemea springi za mbele na hubadili namna gari linavyokata kona. Breki zilizotosha kwa 2L zinaweza zisitoshe kwa gari linaloteremka mlima kwa kasi mpya. Uwezo wa kubeba mzigo hauongezeki kwa sababu injini imeongezeka, kwani chesisi, ekseli na matairi ni yaleyale.

Suala la sheria nalo lisisahaulike. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini na ujazo wake. Nchini Tanzania, usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na nchini Kenya uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mmiliki atunze hati ya kununulia injini na apeleke taarifa ya mabadiliko ili kadi ilingane na gari. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi, na namba isiyolingana na kadi humweka mmiliki matatani wakati wa ukaguzi na wakati wa kuuza. Kampuni ya bima nayo ijulishwe, kwa sababu gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kuleta mgogoro wa malipo baada ya ajali.

Uamuzi wa busara

Kwa mmiliki anayetaka tu gari lisichoke milimani, 5L kwenye nafasi ya 2L au 3L ndiyo njia yenye usumbufu mdogo. Anayehitaji nguvu ya kweli ya kuvuta mzigo atafaidika na 1KZ-TE, mradi atumie fedha kwenye rejeta na sampu sahihi kabla ya kufikiria rangi na rimu. Anayetaka 1HZ ajue kwamba anahangaikia urefu kwa nguvu inayokaribiana na ya injini fupi, na kwamba huenda ikawa nafuu kununua Land Cruiser iliyochoka bodi. Ile ya V ya petroli inamfaa anayependa mwendo na asiyeogopa bei ya mafuta.

Kabla ya kukabidhi gari, mmiliki amwombe fundi amwonyeshe mambo matatu: uwazi wa sampu ekseli ikiwa juu kabisa, njia ya ekzosi karibu na mabomba ya breki, na pedali ya breki injini ikiwa inanguruma. Fundi aliyepima hatasita kufungua boneti na kuonyesha.